Programu ya Baba ya Kufuma Masweta

3 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Hujambo huko uliko? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanadeka. Mashine ya kufuma imezubaa. Tangu baba yako atutoke, sijui ile programu aliyoiandika ya kuiendesha aliiweka wapi kwenye kompyuta. Fundi anataka afute kila kitu aanze upya. Nimemwambia aniache kwanza. Shule inangoja masweta, lakini kufuta kitu cha baba yako siwezi. Nifanyeje?

Mama yako

5 Machi

Mama, shikamoo. Pole na magoti.

Fundi asiguse! Programu za baba zinaishia na .py. Fungua lile dirisha jeusi alilokuwa akiandikia, uandike hivi, kisha ubonyeze Enter:

find . -name "*.py"

Mwanao

6 Machi

Marahaba mwanangu.

Umenitafutia balaa! Majina yamemiminika kama bomba limepasuka, mpaka chai yangu imepoa. Karibu yote yana neno venv. Huyo venv ni nani, na baba yako alimjulia wapi?

Mama yako

7 Machi

Shikamoo mama. Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta!

Venv ni folda tu. Humo mna programu za watu wengine, baba alizipakua ili za kwake zifanye kazi. Usiifute, iruke:

find . -name "*.py" -not -path "./venv/*"

Yaani: niletee zote zinazoishia na .py, ila zilizomo ndani ya venv. Niambie umepata nini. Sitatulia.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu, u mzima? Samahani kwa kukuweka roho juu.

Zilibaki mbili: mwili.py na mikono.py. Nikaziendesha kama nilivyomwona baba yako akifanya. Mwili ulitoka safi. Mikono ikatoka mmoja mwembamba, mmoja mpana. Nikaifungua ile mikono.py nisome, nione kulikoni. Katikati baba yako kaandika: "Hapa nimekwama. Nimuulize mama watoto." Ugonjwa ukamwahi, hakuniuliza. Nililia weee. Halafu nikanawa uso, nikasoma tena. Kumbe alipunguza vitanzi mkono mmoja, wa pili akausahau! Nikarekebisha, nikaharibu, nikarekebisha tena. Jana masweta ya kwanza yalienda shule, na chini ya swali lake nimemwandikia jibu.

Sasa nataka kuandika ya kwangu, ya kofia. Usiniandikie wewe. Niambie tu naanzia wapi.

Mama yako