Kipande Ulichokikata

Nyumbani, mbele ya kompyuta yako,
Jumamosi mchana.

Mpendwa mtoto wa kaka yangu, Bingwa (kama unavyojiita huko mtandaoni),

Hujambo? Chuo kinaendaje? Unakula, unalala, kile kikohozi kimekwisha? Nauliza kwa moyo safi, maana nataka ukiwa unasoma haya uwe mzima wa afya, usije ukasingizia homa. Huku wote ni wazima. Mimi nina hasira mpaka hapa kooni.

Ningekupigia, lakini simu zangu siku hizi huzioni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata katikati.

Umekaa kwetu likizo nzima. Nilikuachia chumba cha kushonea, cherehani yangu nikaihamishia koridoni, ukaweka humo kompyuta inayonguruma kama mashine ya kusaga. Uliposema una gemu la malori, lenye usukani wa kuchomeka na pedali zake, mimi mwenyewe ndiye niliyeomba kujaribu, na ulijua kwa nini. Mwenye shule ya udereva alikuwa ameniahidi darasa la malori, ambalo pale halijawahi kufundishwa na mwanamke. Nami tela la lori sikuwa nimeligusa tangu nilipoacha kuendesha malori ya safari za mbali. Nilitaka mikono ikumbuke.

Hukuniambia kwamba unarekodi. Kile kikamera juu ya skrini ulisema kimezimwa.

Video nimeonyeshwa na mwanafunzi wangu, kinyozi mmoja ambaye hata klachi bado inamshinda. Tulikuwa tumeegesha, akatoa simu, akaniuliza, "Mwalimu, huyu si wewe?"

Nilikuwa mimi, kwa ubora wa juu kabisa, hadi jasho la puani linaonekana. Nagonga kibanda cha tiketi. Naparamia ukingo wa barabara. Napita taa nyekundu huku nikiitukana kompyuta matusi ambayo mume wangu hajawahi kuyasikia. Juu yake umeandika "Mwalimu wa udereva akitoa somo". Nimesoma maoni ya watu chini yake. Wanaonicheka wengine hata toroli hawawezi kulisukuma.

Na nani aliyekusaidia kuipandisha? Mimi. Ulikuwa unawahi basi, ukaniachia kompyuta ikifanya kazi. Ukasema faili ni kubwa kwa sababu picha ni safi mno, nisizime, nisiguse kitu. Basi nikamkataza mume wangu kupiga pasi, umeme usije ukakatika. Akaenda kazini na shati la makunyanzi. Jirani aliyekuja kuomba intaneti nilimrudishia mlangoni. Nikashinda hapa kwenye kiti, nikilinda aibu yangu mwenyewe ifike salama.

Mwenye shule hakunifukuza. Amenitoa kwenye gari na kunisimamisha ubaoni nifundishe alama za barabarani, mpaka maneno yapoe. Darasa la malori linaanza Jumatatu, na macho yake yameshahamia kwa mwalimu mwenzangu mmoja ambaye akipiga rivasi watu huwaita watoto wao ndani.

Jana nikafungua kompyuta yako nilitafute hilo faili nilifute. Nikakuta rekodi nzima, nikaitazama mwanzo mwisho. Ndiyo, nimegonga. Usukani ule ni mwepesi kama kifuniko cha sufuria, ulinichukua muda kuuzoea. Halafu nikauzoea. Nikafika ghalani, nikalirudisha tela nyuma katika ule upenyo kati ya ukuta na lori jingine, kwa kutazama vioo tu, mara moja, bila kusogea mbele kujirekebisha. Nilikuwa nimeshasahau kwamba siku ile niliweza. Nilijitazama nikalia, sikufichi.

Kisha nainuka kwenda kutazama sufuria jikoni. Wewe unabaki, maikrofoni bado iko wazi, unamwambia rafiki yako kwenye simu: "Hapa nitakata. Nani ataangalia mtu akipaki vizuri?"

Hilo ndilo lililonichoma. Kunicheka ningekusamehe, nimekubeba mgongoni, ukanikojolea, na sikukushitaki kwa baba yako. Lakini uliniona naweza, ukajua naweza, ukakata. Huo ni ubaya, mtoto wa kaka yangu, na nakuambia hivyo hivyo bila kuupaka sukari.

Basi sikufuta. Hivi ninavyoandika, rekodi yote inapanda kwenye chaneli yako, pamoja na hayo maneno yako. Uliiacha wazi, nami nimeshabadilisha neno la siri. Nimeiita "Mwalimu wa udereva, somo lote". Mwenye shule nimemwambia kesho atulie aitazame mpaka mwisho. Akininyima lori baada ya hapo, itakuwa roho yake, haitakuwa video yako.

Msalimie dada yako unayekaa naye, gauni lake nalishona, na cherehani imerudi chumbani mwake. Huyo rafiki yako wa kwenye simu mpe salamu zake pia, mwambie sauti yake haikusikika, ana bahati. Mume wangu anakusalimu; leo tena ametoka na makunyanzi.

Mungu akulinde, akufungulie masomo yako, na akuongezee haya kidogo. Wino ninao bado, lakini siwezi kuandika huku natazama kwingine. Nimekaa hapa nailinda kompyuta isizimike, kama ulivyonifundisha.

Anayekupenda hata leo, ingawa kwa shida,
Shangazi yako