Kibofu cha Ng'ombe na Nyota Zinazoachana

Usevya, Mpanda
14 Julai 1997

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tunapumua wote, mpunga umeshaingia ndani, na mafua ya watoto yamekwisha. Wewe je, goti linasemaje na baridi hii ya Malampaka? Maji usichote mwenyewe, majirani wapo.

Nimekuja kwa kaka Nkwabi kupumzika likizo, lakini mayu, nipumzike wapi! Mwalimu Felisiani, anayetufundisha fizikia kule Mpanda mjini, ametueleza mwendo wa mwanga. Kabla hujamaliza kutamka jina langu, mwanga ungekuwa umeizunguka dunia nzima zaidi ya mara tatu. Na pamoja na mbio zote hizo, kuna nyota ambazo mwanga wake ulianza safari kabla hajazaliwa mtu yeyote. Nilicheka peke yangu darasani, wenzangu wakadhani nimerukwa na akili.

Nilimsimulia kaka zizini. Akaniuliza ni nani aliyeukimbiza huo mwanga mpaka akajua mwendo wake. Unamjua, akiuliza hacheki. Nikamwambia wataalamu wanapima kwa vioo na hesabu. Akasema sawa, ila angependa kumwona huyo mtaalamu akihema.

Jumamosi alichinja fahali kuwalisha waliomsaidia kuvuna. Watoto wakagombea kibofu wakifanye mpira, nikawapokonya. Nikakitia madoa ya masizi, nikachomeka kikonyo cha jani la mpapai, nikampa kaka apulize. Kikavimba, na madoa yote yakaachana, yaliyo mbali yakiachana upesi zaidi. Nikapiga kelele kwamba ndivyo ulimwengu ulivyo! Makundi ya nyota yanazidi kuachana, na mwanga wa yale ya mbali unatufikia umeelekea wekundu. Kwa wekundu huo tunajua. Hakuna doa lililo katikati, na hakuna lililolikimbia jingine. Kinachotanuka ni ngozi yenyewe.

Kaka akaacha kupuliza, kibofu kikamsinyalia mkononi. Akasema taratibu kwamba basi na yeye hakumkimbia mama. Malisho ya kwetu yaliisha, nchi ikamvuta. Mayu, huu ni mwaka wa nne tangu aondoke na ng'ombe na wewe umwambie asikanyage tena ua wako. Miaka yote hiyo sijamsikia akikutaja.

Wifi Kija alikuwa anaosha utumbo. Hakuinua hata kichwa.

"Doa halina miguu, baba Kabula. Wewe unayo."

Nyama ilimshinda kaka siku ile. Asubuhi akanifuata jikoni, akaniuliza kama akija utampokea au utamfukuza majirani wakitazama. Aliuliza kama mtoto, mwanaume mzima mwenye mifugo yote ile. Roho iliniuma, mayu, nikamdanganya. Nikasema umeniandikia kwamba umemsamehe na unamngoja. Neno hilo hujaniandikia, najua mimi na unajua wewe. Alifurahi mpaka akasahau kufungulia ng'ombe.

Barua hii ameibeba mwenyewe, kwa lori hadi Mpanda, kisha kwa treni kupitia Tabora mpaka hapo kwako. Hajui nilichoandika, maana sisi tulipokuwa shuleni yeye alikuwa machungani. Najua umeipokea bahasha bila kumtazama usoni, ukaketi uisome kwanza. Basi bado yuko hapo nje na vumbi lake, na hatakaa mpaka aambiwe.

Fimbo yangu nitakuja kuipokea Desemba, na sitakimbia. Kija anakusalimu sana. Kabula anauliza bibi yake anafananaje, nami nimemwambia baba yake akirudi atamsimulia.

Inua uso, mayu. Mwite aingie.

Mwanao mwongo akupendaye,
Nyanzala