Namba za Mfereji wa Chini

Jumatatu, 3 Februari

Bado nanakili ujumbe kutoka kundi la WhatsApp la kamati ya mfereji. Kidole gumba kinauma. Katikati ya namba kuna matangazo ya misiba, picha ya ndama na "Bwana asifiwe" zisizohesabika.

Niandike ukweli niache kujidanganya. Diski ya laptopu yangu ilikufa Ijumaa. Fundi wa hapa Kijenge aliitikisa sikioni kama yai, akasema, "Kaka, hii kazike." Vipimo vyote vya kina cha maji, tangu Novemba, vilikuwa humo. Nakala sina. Mimi, ninayewahubiria wateja wahifadhi nakala.

Jumamosi kamati inakaa. Watu wa juu ya mfereji wanadai sisi wa chini hatuitumii zamu yetu ya Jumatano, wapewe wao. Mama mdogo Ndeshi anasema wao ndio wanaoyakata maji njiani. Ndiyo maana niliweka kipimo pale mfereji unapoingia upande wetu. Zamu ikienda, mboga zake na migomba michanga haifiki Machi.

Kilichobaki ni maandishi yaliyochapishwa na programu yangu ya vipimo, niliyoyarusha kwenye kundi kila Jumatatu. Kamati ina sheria yake: kisichoonekana kwenye kundi hakijatokea. Wiki kumi na mbili za namba. Sidhani kuna aliyezisoma.

Jumanne, 4 Februari

Kwa macho ni namba. Kwa kompyuta ni sentensi ndefu tu. Mabano ya mraba, namba, nafasi, hakuna koma hata moja. Nikaona rahisi: kila nafasi iwe koma. Zikaja koma mbilimbili kila penye kipimo kilicho chini ya kumi, maana programu huongeza nafasi ili namba zikae kwenye mstari. Laptopu ya kuazima ikagoma. Nikaitukana. Ikagoma tena.

Kuandika programu nilijifunza kwa video na kwa aibu. Leo ilikuwa siku ya aibu.

Alasiri nikaacha ujanja. Toa mabano, kata palipo na nafasi hata ziwe ngapi, kila kipande kigeuze kuwa namba. Mistari mitatu. Wiki ya kwanza ikakubali, nikachora grafu. Nimejinunulia hindi la kuchoma.

Jumatano, 5 Februari

Wiki ya pili imekataa. Nikaifungua. Namba tatu, nukta tatu, namba tatu. Basi.

Orodha ikizidi elfu moja, programu haichapishi yote. Inaonyesha mwanzo na mwisho, katikati inaweka nukta, kama mtu anayesimulia ugomvi alioanzisha mwenyewe. Kipimo husoma kila dakika kumi. Wiki nzima ni namba elfu moja na nane. Nane tu za ziada! Kilichofichwa na nukta hakirudishwi na mtu.

Nimeogopa. Sikuweza kufungua nyingine.

Mama mdogo amepiga simu. Nimemwamkia shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. "Marahaba. Namba zangu ziko tayari?" Nimesema ziko njiani. Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimezifungua zote. Tatu zina nukta. Tisa zimekamilika!

Nilikaa nikizitazama bila kuelewa. Halafu nikazihesabu. Mia tisa themanini. Mia tisa arobaini na moja. Hakuna iliyofika elfu. Katika wiki hizo kipimo kilikuwa kinasinzia saa kadhaa za mwisho, Jumapili usiku, kwa sababu jani la mgomba wa Mama mdogo linafunika paneli ya jua inayokipa umeme. Tangu Novemba namgombeza alikate. Kila mara jibu ni lilelile: mgomba ni wake, kidude ni changu, kihame chenyewe.

Kwa hiyo wiki ambazo kifaa kilifanya kazi vizuri zimepotea. Wiki za uzembe zimeokoka. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumamosi, 8 Februari

Ukumbi wa usharika. Nilibandika grafu tisa ukutani. Jumatano tisa, na katika saba kati yake maji yanashuka ghafla saa nane mchana, kutoka sentimita kumi na nane hadi sita. Alhamisi alfajiri yanarudi.

Mzee Elifasi, mwenyekiti wa watu wa juu, alivaa miwani, akazikagua moja moja. "Na hizo wiki tatu, kijana, zililiwa na nani?"

Nikasema zililiwa na uzembe wangu. Ukumbi ukacheka. Katibu, Mama Aneth, hakucheka. "Angalau yeye kasema kilichopotea kwake. Sasa tuambieni nyie, Jumatano saa nane lango la maji la kule juu huwa linafunguliwa na nani?"

Mtu akakohoa kwa adabu.

Zamu inabaki yetu. Lango litafungwa kwa kufuli, ufunguo Jumatano ukae kwa katibu. Nilitoka nje nikavuta pumzi kama niliyetolewa kisimani.

Jumatano, 12 Februari

Nimepanda kwa Mama mdogo. Meru yote wazi, bila wingu. Saa nane ikapita, maji yakaendelea kuja. Tisa. Kumi. Yalikuwa ya kahawia, na majani makavu juu yake.

Hakusema asante. Alinipa jembe, akanionyesha mtaro wa tatu.