Magogo ya Jakaranda Chini ya Gari la Ndambuki

Luseno, saa nne na dakika kumi asubuhi jirani yangu Ndambuki alikuwa amelala chini ya gari lake, lile alilokata springi ili likae chini.

Jeki haikuingia, kwa hiyo kwanza alipandisha magurudumu juu ya mbao. Hapo alifanya sawa. Halafu, alipokwisha kuliinua, akaitoa jeki kabisa, akaliacha gari juu ya magogo mawili anayochongea ndovu wa watalii.

Jakaranda mbichi, Luseno. Gogo la kushoto lilikuwa na ufa mwembamba kama uzi.

Nikamwambia, "Toka, gogo linapasuka."

"Mwalimu, nimechonga jakaranda miaka ishirini. Huo ufa ni wa juu tu."

Nikarudia. Shilingi sasa ingeingia kwenye ufa. Nikarudia tena.

"Wewe rudi kwa chaki zako."

Mara tatu nilimwambia. Mara tatu.

Kisha mkewe, Kavutha, akaita kutoka mlangoni, "Baba Musau, chai inapoa."

Kwa chai, akatoka.

Alikuwa ananawa mikono gogo lilipopasuka katikati. Kadibodi aliyolalia imebanwa chini ya injini. Tumeivuta sote wawili, haitoki.