Tairi la Nyuma Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Nimekagua upepo wa tairi, kama kila Jumatatu. Zote sawa. Nikapitisha mkono upande wa ndani wa lile la nyuma kushoto, waya ukanichoma. Nje lina meno, ndani kipara. La tatu tangu Krismasi. Nimechoka.

Mume wangu, Baba Neema, anasema ni miguu yangu. Eti nakanyaga breki kama nazima moto. Likiisha jingine, ufunguo utabaki kwake. Naye hushinda kazini. Nani atampeleka mama yangu hospitali kufungwa kidonda? Pikipiki hawezi kupanda, mguu haukunjiki.

Jumatano, 5 Machi
Gereji. Fundi alinyoosha kamba, akapima magurudumu ya mbele, akasema yako sawa. Nikamwambia linalolika ni la nyuma. Akacheka. "Mama, ya nyuma iko inafwata tu ya mbele." Akafunga tairi jingine. Hasira mpaka kichwa kiliniuma.

Jumatatu, 17 Machi
Ndani limeanza kulika tena. Sijamwambia Baba Neema. Upepo sawa. Breki nazikanyaga pole hadi pikipiki zinanipigia honi. Basi si miguu yangu! Mama ameuliza kama keshokutwa bado tunakwenda. Nimemjibu kwa ukali. Hakustahili.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeanua nguo, nikafungua kamba yenyewe. Nimeinyoosha ubavuni mwa gari, gurudumu la nyuma hadi la mbele, kama fundi alivyofanya. Kulia imelala vizuri. Kushoto inagusa ukingo wa mbele tu wa gurudumu la nyuma. Kwenye ukingo mwingine kidole kinapita. Gurudumu linatazama nje. Nimerudia. Vile vile.

Baba Neema akatoka, akatazama kamba. Hakuuliza nafanya nini. Hapo nikajua kuna jambo. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini: "Ni miye. Ile Noeli tulibeba bafle ya kwaya, gari ilianguka mu shimo. Niliogopa kukuambia."

Bafle mbili, zile spika kubwa za kwaya, jenereta, na waimbaji wanne wamekaa juu yake. Miezi yote hii nalaumiwa miguu. Sikupika.

Alhamisi, 27 Machi
Chuma kinachoshika gurudumu kilikuwa kimepinda. Kimebadilishwa, na tairi pia. Safari hii wamepima na nyuma. Baba Neema ndiye aliyeshika ncha ya kamba.

Jumapili, 30 Machi
Mvua ya usiku, tope kila mahali. Kabla ya kutoka kwenda kanisani nilipitisha mkono ndani ya tairi. Meno yapo. Mama alikaa nyuma, mguu kaunyoosha kwenye kiti.

Karibu na kanisa tulimkuta Baba Neema na wanakwaya wenzake wakisukuma bafle kwenye mkokoteni, viatu vyake vyeupe vimekuwa vyekundu. Mama akasema tumsaidie. Nikasimama, nikampakia yeye tu. Bafle zikaendelea na mkokoteni.