Mama Hakukununia

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba,

Salamu kutoka huku tulikobaki. U hali gani na baridi hiyo? Shemeji na watoto hawajambo? Pole tena kwa msiba, na kwa kulia peke yako ugenini. Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila nyumba imepwaya.

Kuna jambo sikuweza kukueleza kwa simu. Kila nilipoanza, niliishia kukata simu.

Ulidhani Mama alikununia tangu uolewe mbali. Ukipiga simu ya video, alitikisa kichwa, akasema "haya, haya," akaniachia kompyuta. Mdogo wangu, alikuwa hasikii. Mashine za kiwanda cha nguo zilimla masikio miaka yote ile, na sauti nyembamba kama yako ndizo zilizotangulia kupotea. Akaona aibu kusema.

Nilipong'amua, nilimleta fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Kimya kwa jinsi asivyojua kunyamaza. Alimvisha Mama hedifoni, akampigia milio, kutoka mzito hadi mwembamba, sikio moja moja. Mama akisikia, ananyoosha mkono. Kisha fundi akapunguza besi, yaani sauti nzito, akapandisha zile nyembamba, na sikio la kushoto akaliongezea zaidi.

"Haya, mama, kompyuta imeshonwa kwa kipimo chako."

"Basi usiniachie pindo refu," Mama akamjibu. Tulicheka!

Nikamfungulia ule ujumbe wa sauti uliomtumia ulipojifungua. Ulipoanza tu, aliruka. "Ni yeye! Jamani, ni yeye!" Akataka urudiwe, ukarudiwa, machozi yakimtiririka. Nikakupigia, hukupatikana, ulikuwa kazini. Tukasema, kesho basi. Kesho yake hakuamka.

Sasa nisikilize. Mwishoni mwa ujumbe ule unamuuliza, "Mama, umenisamehe?" Alikujibu kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo waliovaa hedifoni, akidhani unamsikia: "Nikusamehe kosa gani, mwanangu? Umekula?"

Kisha akaikazia macho kompyuta, akingoja umjibu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hupo.

Mjomba seremala na shangazi wanakusalimu sana. Wakumbatie watoto kwa niaba yetu. Mungu akufute machozi huko ambako mkono wangu haufiki.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,

Dada Mkubwa