Aliyeshika Usukani

Alhamisi, 10 Januari 2019

Likizo ya shule imeanza, na mimi nimefungashwa pamoja na mizigo. Sikuulizwa. Jana nikiwa naosha vyombo madam Ahlam akaniambia niweke nguo nzito, tunakwenda jangwani kulala ndani ya gari. Nilidhani nimesikia vibaya. Karibu miaka miwili niko nao, Kiarabu chao nakielewa — lakini kulala ndani ya gari! Watu wenye nyumba ya vyumba sita hapo Al-Safa!

Tumetoka Jeddah alfajiri. Bosi Yassir anaendesha Jimsi, gari lao kubwa. Madam ana leseni tangu Oktoba, lakini bosi hamruhusu kuvuka supamaketi. Kwa hiyo amekaa tu, mikono mapajani. Mimi nyuma, katikati ya Lujain, mtoto wao wa miaka sita, na Bibi, mama yake madam. Bibi amebeba jiko lake la makaa. Anasema kahawa ya gesi ni dawa, si kahawa.

Njia haina mwisho. Mguu wangu wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo. Miaka saba niliendesha boza, lori la tangi la maji, Ukunda mpaka mahoteli ya Diani. Wakala wa Mombasa akaniambia nisiseme: wewe andika kazi za nyumbani, halas. Nikaandika.

Mkataba unaisha Machi. Madam ameshaniuliza mara mbili kama nitabaki. Nasema inshallah. Sijui ninachotaka. Kulala siwezi, kukaa siwezi.

Ijumaa, 11 Januari

Riyadh. Baridi ya kukata masikio. Tumechukua hiyo nyumba ya magurudumu — karavani, wanaiita. Nyeupe, ndefu, ina injini yake, vitanda, sinki, choo! Mwenye nayo alieleza mambo chungu nzima: tangi la maji safi, tangi la maji machafu, betri. Bosi alikuwa kwenye simu. Madam alikuwa akipiga picha. Aliyesikiliza ni mimi.

Halafu ajabu: bosi hawezi kuendesha magari mawili. Ikabidi madam ashike Jimsi! Nilikaa naye mbele. Kilomita tisini. Aling'ang'ania usukani kwa mikono miwili mpaka tukaingia geti la hifadhi ya jangwani. Hapo akacheka peke yake, machozi yanamtoka.

Jumamosi, 12 Januari

Mchanga mwekundu, miti ya miiba, watu wachache mno. Mlinzi wa geti alitupa karatasi ya masharti: usikate mti, usiwashe moto chini. Bosi kaegesha karavani mbali kabisa, kilomita kumi na mbili ndani. Anataka utulivu. Mtandao mafi, hakuna kabisa.

Wao wanaita mapumziko. Mimi napika vilevile, nafagia vilevile, ila jiko limepungua na vumbi limeongezeka. Nikimaliza nazunguka karavani. Natazama magurudumu. Upepo umejaa mno kwa mchanga huu. Nilitaka kumwambia bosi. Nikarudi kufagia.

Jumapili, 13 Januari

Bibi yuko hai. Kesho nitaandika.

Jumatatu, 14 Januari

Tuko Riyadh, nyumbani kwa kaka yake bosi. Naandika yote kabla hayajageuka.

Jana asubuhi bosi aliondoka na Jimsi, ana mkutano mjini, atarudi alasiri. Saa nne upepo ukaanza kurusha mchanga. Madam na Lujain walikuwa juu ya kilima. Mimi nilikuwa nyuma ya karavani nakunja mahema ya kivuli, yasipeperuke. Bibi alikuwa nje na kahawa yake. Nilipozunguka, hayupo. Mlango umefungwa. Madirisha yamefungwa.

Nikajua kabla sijafungua. Kwetu, huko bara, watu wanazikwa kwa hewa ya makaa kila msimu wa baridi. Jiko lilikuwa sakafuni, makaa mekundu, na Bibi ameegemea kiti kama aliyesinzia. Nilimwita. Hakuitika. Nikatupa jiko nje kwa mikono — nina malengelenge mpaka leo — nikamshika Bibi kwapani nikamburuta hadi mchangani. Anapumua, lakini kidogo. Akatapika. Macho yake hayaonani na yangu.

Nilipiga kelele mpaka koo likapasuka. Madam akaja mbio. Simu haishiki. Akapanda kwenye karavani, akawasha, ikaruka kama mbuzi, ikazima. Tena. Ikazima. Hii ni ya gia za mkono! Yeye alijifunza otomatiki. Mara ya tatu ikaingia gia, akakanyaga mafuta kwa nguvu zote, magurudumu ya nyuma yakajichimbia.

"Madam, shuka."

"Nini?"

"Shuka. Kaa na Bibi. Acha milango wazi."

Sijawahi kumwambia hivyo. Alishuka! Nikapunguza upepo magurudumu yote, nikibonyeza valvu kwa kijiti, nikihesabu moyoni. Nikafukua mchanga kwa sufuria ya wali. Tukampandisha Bibi, tukamlaza karibu na mlango. Halafu nikakaa pale. Klachi ngumu, kiti kiko mbali. Nikaiachia taratibu, taratibu, ikatoka!

Kilomita kumi na mbili. Sikusimama hata mara moja, ukisimama mchangani umekwisha. Lujain analia, madam anasoma dua, milango inapigapiga. Na mimi — niandike tu, hakuna anayesoma — mimi nilikuwa na furaha. Mungu anisamehe. Mtu anakufa nyuma yangu, na mikono yangu imerudi kuwa mikono yangu.

Karibu na geti nilisimamisha nikarukia nyuma kumshika Bibi kichwa. Mlinzi alipofika, madam alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, funguo mkononi.

"Dereva nani?"

Madam akanitazama. Sina leseni ya nchi hii. Kwenye ikama, kibali changu cha kuishi hapa, mimi ni mtumishi wa ndani.

"Mimi," akasema.

Bibi alitiwa oksijeni palepale ambulensi ilipofika. Daktari anasema nusu saa zaidi, tungezungumza mengine.

Jumanne, 15 Januari

Nyumba imejaa wageni. Tende, kahawa, uvumba. Kila anayeingia anasimuliwa: Ahlam kamwokoa mama yake! Kaiendesha karavani jangwani peke yake! Bosi ndiye anayesimulia kwa sauti kubwa kuliko wote. Leo amempa funguo za Jimsi, nenda popote. Madam amekwenda sokoni na kurudi, uso unang'aa. Nikimpelekea chai hanitazami.

Nilimkuta jikoni peke yake. Akafungua bomba, maji yakimbie. Akasema amesema vile ili kunikinga, wangenirudisha kwetu. Nikamjibu najua, ahsante madam. Akasema pia, chini kabisa: wakijua, bosi atazichukua funguo. Nikamjibu najua.

Kweli najua. Lakini mbona nina hasira?

Kisha Serah, rafiki yangu wa Bani Malik kule Jeddah, kanitumia ujumbe wa sauti. Yuko mama mmoja Al-Nuzha anatafuta dereva mwanamke, atamshughulikia karatasi na leseni, kafili, yaani mwajiri wake wa sasa, akikubali kumwachia. Anataka mtu ambaye watu watamsemea kwamba anajua gari. "Mwatime, si wewe huyo! Nani atakusemea?"

Nimeisikiliza mara tano.

Jumatano, 16 Januari

Saa tano asubuhi. Naandika nikiwa ndani ya Jimsi, daftari gotini, kwenye yadi ya mwenye karavani. Nilitaka kuandika habari za Bibi tu — amekula uji, ameuliza viatu vyake. Lakini kuna jambo linaendelea huko mbele.

Bosi aliileta karavani mwenyewe, sisi tukamfuata. Mwenye nayo anataka irudishwe nyuma iingie kati ya nyingine mbili. Bosi akacheka: "Muulize shujaa wetu!" Kaka yake ametoa simu anapiga video. Madam alikataa kwa mkono. Wakamshangilia. Akapanda.

Imeruka, imezima.

Wanacheka wote. Bosi anamwambia asiogope, hapa hakuna mchanga.

Imezima tena. Mwenye karavani hacheki, anasikiliza gia.

Mara ya tatu. Kaka yake bosi ameshusha simu. Bosi kasimama, kichwa upande. Sasa anayatazama magurudumu, moja moja, anainama, analibonyeza la nyuma kwa kidole. Upepo niliopunguza bado haujarudishwa. Anamuuliza madam kitu. Ameshusha sauti, sisikii. Madam kageuka. Ananitazama mimi, kuvuka yadi nzima.

Bosi kafuata macho yake.

Amepanda, amechukua funguo, ameshuka. Anakuja huku. Hatembei kwa hasira, wala hatabasamu. Malengelenge yangu yamepasuka, yanalowesha karatasi. Serah, nani atanisemea?

Anagonga kioo. Kanyoosha mkono, funguo za karavani zinaning'inia kwenye kidole. "Mwatime. Yalla, shuka."